Kabla ya Kupiga Picha: Mwongozo wa Sanamu na Maeneo ya Kihistoria ya Watu wa Asili wa Kanada

Wazungumzaji wa Kiswahili wametapakaa Kanada, kutoka Halifax hadi Edmonton. Wametoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya, Tanzania na Uganda, na wengi wao wameapa au wanajiandaa kuapa kuwa raia. Tangu Juni 2021, kila anayekula kiapo hicho huahidi kuzishika sheria za Kanada, ikiwemo Katiba inayotambua haki za Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, pamoja na haki zitokanazo na mikataba yao. Ahadi hiyo haiishii kwenye ukumbi wa kiapo. Inamfuata raia mpya bustanini, barabarani, chuoni na makaburini, kila mahali ambapo taifa limeamua nani akumbukwe na nani asahauliwe.

Makala haya ni kwa anayeishi Kanada, anayejiandaa kuhamia huko, au anayekwenda kumtembelea ndugu. Yanaeleza mambo ya kuangalia, maswali ya kuuliza na adabu ya kushika. Ukisahau mengine yote, kumbuka hili: maridhiano hayapimwi kwa wingi wa sanamu zilizong'olewa au zilizosimamishwa. Yanapimwa kwa kuangalia nani aliyepewa nafasi ya kuamua.

Anza kwa kujua uko kwenye ardhi ya nani

Katiba ya Kanada ya 1982 inatambua makundi matatu ya watu wa asili: Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis. Sensa ya 2021 iliwahesabu kuwa takriban milioni 1.8, yaani asilimia 5 ya watu wote nchini. Hawa si kabila moja. Mataifa ya Kwanza peke yake ni zaidi ya 600, kila moja na uongozi wake, ardhi yake na historia yake.

Kwa hiyo usiseme tu "watu wa asili" kwa jumla ikiwa unaweza kutaja jina. Winnipeg iko kwenye ardhi ya Mkataba wa Kwanza wa 1871. Edmonton iko kwenye ardhi ya Mkataba wa Sita wa 1876, na Calgary kwenye ya Mkataba wa Saba wa 1877. Halifax ni nchi ya Mi'kmaq. Ottawa imejengwa kwenye ardhi ya Algonquin ambayo haijawahi kukabidhiwa kwa mkataba wowote, na hali ni hiyo hiyo Vancouver kwa mataifa ya Musqueam, Squamish na Tsleil-Waututh. Ofisi ya jiji lako, shule ya mwanao au maktaba ya mtaani itakueleza habari za eneo unaloishi.

Shule za bweni: historia ya lazima kuijua

Hutaelewa ugomvi wa sanamu yoyote Kanada bila kuzijua shule za bweni. Kwa zaidi ya miaka 100, serikali ikishirikiana na makanisa iliwatoa watoto wa asili kwa wazazi wao na kuwaweka kwenye shule walikokatazwa lugha na mila zao. Mwaka 1920 sheria ilirekebishwa ili kuwalazimisha watoto wa Mataifa ya Kwanza kuhudhuria. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia shule hizo. Wengi walipigwa, walilala njaa na walidhalilishwa. Kituo cha Kitaifa cha Ukweli na Maridhiano, kilichopo Chuo Kikuu cha Manitoba, kinatunza orodha ya majina ya watoto zaidi ya 4,000 ambao hawakurudi nyumbani. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Maana yake, mwenzako kazini mwenye umri wa miaka 40 na kitu anaweza kuwa alisoma huko.

Juni 2008 waziri mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni. Mwaka huo huo iliundwa Tume ya Ukweli na Maridhiano, ambayo baadaye iliongozwa na jaji Murray Sinclair, Mwanishinaabe wa Manitoba. Mwaka 2015 tume ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua. Wito wa 79 hadi wa 83 unahusu kumbukumbu za umma: wawakilishi wa watu wa asili waingie kwenye bodi inayoteua maeneo ya kihistoria, maeneo ya shule za bweni yatambuliwe, iwepo siku ya kitaifa ya kumbukumbu, na ujengwe mnara Ottawa na katika kila makao makuu ya mkoa. Kuhusu makaburi ya watoto, wito wa 76 unasema jamii iliyoumizwa zaidi ndiyo iongoze kazi. Kanuni hiyo ndiyo nguzo ya yote yatakayofuata hapa.

Maswali manne mbele ya sanamu

*Iliwekwa lini, na nani?* Edward Cornwallis aliasisi Halifax mwaka 1749. Mwaka huo huo alitangaza zawadi ya fedha kwa atakayemleta mtu wa Mi'kmaq akiwa mateka, au ngozi ya kichwa chake. Sanamu yake haikujengwa enzi zake. Ilisimamishwa 1931, zaidi ya miaka 180 baadaye, na watu waliotaka kumtukuza mwasisi bila kutaja tangazo lile. Mwandishi wa Mi'kmaq, Daniel Paul, alichapisha kitabu mwaka 1993 kikieleza historia hiyo, akaendelea kuipigania kwa miongo. Januari 2018 baraza la jiji lilipiga kura na sanamu ikaondolewa. Kazi haikuishia kwenye winchi. Jiji na machifu wa Mi'kmaq waliunda kamati ya pamoja, ikasikiliza wananchi na kutoa ripoti 2020. Mwaka 2021 bustani ile ilipewa jina la Amani na Urafiki, jina la mikataba ambayo Mi'kmaq na Waingereza walifunga karne ya 18. Wadaiwa na wadai walikaa meza moja, na ndiyo maana uamuzi ule umekuwa na uzito.

*Nani amesimama, nani amepiga magoti?* Sanamu ya Samuel de Champlain, Mfaransa aliyezunguka mito ya Kanada, ilijengwa Ottawa mwaka 1915 kwenye mwamba unaotazama mto. Mkononi ameinua astrolabi, chombo ambacho mabaharia walikitumia kupima kimo cha jua na nyota, na ameishika juu chini. Baadaye iliongezwa chini ya miguu yake sanamu ndogo ya mwongoza njia wa Kianishinaabe, amevaa nguo ya kiunoni tu, goti moja chini. Ukiitazama, unaelewa inachosema hata kama hujui kusoma: huyu ni bwana na yule ni mtumishi. Ukweli wa safari zile ni kinyume, kwa sababu bila waongoza njia wa asili Champlain asingefika mbali. Miaka ya 1990 Baraza la Mataifa ya Kwanza lilipinga, na mwaka 1999 mwongoza njia alihamishiwa bustani ya Major's Hill, ng'ambo ya barabara, ambako alipata nafasi yake mwenyewe. Siku hizi mwamba ule unaitwa Kìwekì Point, kwa Kialgonquin.

*Wenyewe wanasemaje kuhusu walivyoonyeshwa?* Wengi hudhani kilio cha watu wa asili ni kuhusu sanamu za wakoloni tu. Kisa cha Louis Riel kinaonyesha kuna zaidi. Riel ndiye kiongozi wa Wametis aliyeifanya Manitoba kuwa mkoa mwaka 1870, akanyongwa na serikali mwaka 1885. Miaka ya 1970 ilisimamishwa sanamu yake karibu na bunge la Manitoba: mtu uchi, mwili umepinda, uso umejaa mateso. Msanii alitaka kuonyesha shahidi aliyeteswa. Wametis waliona kiongozi wao amevuliwa nguo hadharani, wakapinga hadi ikaondolewa mwaka 1994 na kupelekwa kwenye chuo cha Saint-Boniface. Mwaka 1996 iliwekwa nyingine: Riel amevaa koti refu na viatu vya ngozi vya Kimetis, mkononi ameshika hati. Ukiwa Winnipeg unaweza kuziona zote mbili kwa siku moja, kisha ukamalizia kwenye kaburi lake katika uwanja wa kanisa kuu la Saint-Boniface. Kwa msomaji kutoka Kongo au Burundi anayesoma chuoni hapo, somo hili liko mlangoni kabisa.

*Kuna kilichoongezwa au kubadilishwa?* Katika kituo cha treni cha Grandin, Edmonton, palikuwa na mchoro wa ukutani uliomtukuza askofu Vital Grandin, mtetezi mkubwa wa shule za bweni, pamoja na mtawa aliyempakata mtoto wa asili. Mwaka 2014, baada ya mazungumzo marefu na jamii husika, msanii Aaron Paquette alichora picha nyingine mkabala nao, zenye mtazamo wa watu wa asili. Wakati ule ilionekana inatosha. Mwaka 2021, nchi ilipokuwa ikiomboleza watoto wa shule za bweni, jiji liliamua kuufunika mchoro wa zamani na kubadili jina la kituo. Usishangae kuona jambo lililokubaliwa jana likifunguliwa upya leo. Watu wanapopata habari mpya na ujasiri wa kusema yaliyowauma, makubaliano nayo husogea.

Majina mapya barabarani

Ramani ya simu yako huenda ikakuchanganya. Barabara kuu ya kusini mwa Winnipeg, iliyokuwa na jina la askofu Grandin, sasa ni Abinojii Mikanah, yaani Njia ya Watoto. Barabara ya kando ya mto Ottawa, iliyokuwa na jina la waziri mkuu wa kwanza John A. Macdonald, tangu 2023 ni Kichi Zībī Mīkan. Chuo Kikuu cha Ryerson cha Toronto tangu 2022 ni Toronto Metropolitan University, kwa sababu Egerton Ryerson alitoa mapendekezo yaliyosaidia kuzaa mfumo wa shule za bweni.

Unapojaza fomu ya kazi, ya shule au ya uhamiaji, andika jina jipya kama lilivyo kwenye kibao cha barabara, na alama zake zote. Kama cheti chako cha chuo kina jina la zamani, kinabaki halali. Na usione haya kuuliza namna ya kutamka. Sisi wenyewe tunajua utamu wa kusikia mgeni akijitahidi kulitamka jina letu sawasawa.

Ukienda kwenye eneo la shule ya bweni

Jamii zimeamua tofauti kuhusu majengo haya, na kila uamuzi una sababu yake. Huko Alert Bay, British Columbia, jengo la St. Michael's lilibomolewa mwaka 2015 mbele ya wazee waliosoma humo. Huko Brantford, mwendo wa takriban kilomita 100 kutoka Toronto, watu wa Six Nations waliulizwa, na wengi wao wakataka jengo la Mohawk Institute lihifadhiwe kama ushahidi. Portage la Prairie, Manitoba, jengo liko mikononi mwa Long Plain First Nation, lina makumbusho, na mwaka 2020 lilitangazwa eneo la kihistoria la kitaifa. Sault Ste. Marie, shule ya Shingwauk imekuwa Chuo Kikuu cha Algoma. Karibu na Cranbrook, watu wa Ktunaxa waligeuza shule ya St. Eugene kuwa hoteli inayowaingizia kipato, na walionusurika ndio husimulia historia yake.

Kabla ya kwenda, zingatia haya:

- Piga simu kwanza. Baadhi ya maeneo hupokea wageni kwa miadi tu, na mengine hufungwa jamii inapokuwa na msiba au ibada.
- Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa za watu, ibada, moto mtakatifu na makaburi. Ukikataliwa, weka simu mfukoni na usiombe sababu.
- Usiguse wala usihamishe viatu vya watoto, wanasesere, nguo na maua yaliyowekwa ukumbusho.
- Usimuulize mtu yaliyompata shuleni. Akichagua kusimulia, sikiliza hadi mwisho, na usikimbilie kumlinganishia na yaliyokupata wewe.
- Katika jamii nyingi za Kicree na Kianishinaabe, anayemwomba mzee mafundisho au sala humpa tumbaku. Uliza ofisi ya wenyeji kama ndiyo desturi yao, na tumbaku hiyo itolewe namna gani.
- Waandae watoto kwa maneno machache ya kweli. Mtoto mdogo anaweza kuambiwa: "Watoto waliletwa hapa bila wazazi wao kutaka, na tumekuja kuwakumbuka."
- Aliyekimbia vita na kupoteza watu wake anaweza kuzidiwa na mahali kama hapa. Nenda na mwenzako, na toka nje unapohitaji.

Walionusurika na familia zao wana namba ya simu ya msaada inayopokelewa saa 24 nchi nzima: 1-866-925-4419. Ihifadhi, kwani siku moja utamkuta jirani anayeihitaji.

Mwaka 2021, jamii ya Tk'emlúps te Secwépemc huko Kamloops ilitangaza kuwa rada ya ardhini imeonyesha dalili za makaburi takriban 200 yasiyo na alama kwenye eneo la shule ya zamani. Jamii nyingine zimefanya uchunguzi kama huo. Kama wataalamu hawajafukua, zungumza kwa uangalifu kuhusu dalili hizo, bila kuzikuza na bila kuzikana. Hata hivyo, kwamba watoto walikufa shuleni si jambo la kubishaniwa, maana majina ya wengi wao yamo kwenye kumbukumbu za shule na serikali yenyewe.

Maeneo ya kale yenye walinzi wake

Si kila kumbukumbu ni ya maumivu. Visiwa vya Haida Gwaii, pwani ya magharibi, vina kijiji cha SGang Gwaay kilichoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 1985 Wahaida, wakiwemo wazee wao, walifunga njia kuzuia ukataji wa miti na 72 walikamatwa. Mwaka 1993 walitia saini na serikali makubaliano ya kuusimamia msitu ule kwa pamoja, na mwaka 2013 walisimamisha nguzo mpya ya kuchongwa katika eneo la Gwaii Haanas, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 130. Walinzi wa Kihaida hukaa kwenye vijiji vya kale majira ya joto. Hawaruhusu zaidi ya wageni 12 nchi kavu kwa wakati mmoja.

Nguzo za zamani za SGang Gwaay, nyingine za kuhifadhi miili ya wakuu, zimeachwa zioze taratibu na kurudi ardhini. Msomaji wa pwani ya Kenya ataelewa haraka. Vigango vya Wamijikenda navyo havitakiwi kung'olewa vikishasimamishwa kwa ajili ya marehemu, na uchungu wa vile vilivyoibwa na kuuzwa kwenye makumbusho ya ng'ambo ungalipo. Wahaisla nao walipoteza nguzo yao ya G'psgolox ikapelekwa Sweden, na walifanikiwa kuirudisha mwaka 2006.

Huko Alberta, michoro ya mwambani ya Áísínai'pi, mahali patakatifu pa Blackfoot, iliingizwa UNESCO mwaka 2019. Sehemu kubwa ya michoro huonekana kwa ziara yenye mwongozaji tu. Usiguse mwamba, kwani mafuta ya kiganja huharibu rangi iliyodumu kwa karne nyingi.

Tarehe 30 Septemba

Tangu 2021 hii ni Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano. Ofisi za serikali kuu hufungwa, na mikoa ina taratibu zake. Watu huvaa fulana za rangi ya chungwa kwa sababu ya kisa cha Phyllis Webstad. Akiwa na miaka 6 bibi yake alimnunulia shati la rangi hiyo, naye akavuliwa siku yake ya kwanza katika shule ya misheni karibu na Williams Lake mwaka 1973. Ukinunua fulana, tafuta inayouzwa na msanii wa asili au inayopeleka mapato kwa walionusurika. Ukialikwa kwenye maandamano, tembea nyuma ya wazee na waathirika, na acha mabango ya vyama vya siasa nyumbani.

Sauti yako ina nafasi gani

Huhitaji kuwa raia ili kuzungumza mbele ya kamati ya baraza la jiji unaloishi. Jina la barabara au sanamu likijadiliwa, jiandikishe kwa karani wa jiji, sema maneno mafupi, na anza kwa kueleza jamii husika imesema nini. Usijitwike kusema kwa niaba yao.

Mwananchi yeyote anaweza pia kupendekeza mtu, mahali au tukio kwa Bodi ya Maeneo na Minara ya Kihistoria ya Kanada, iliyoundwa 1919. Mabamba yake mekundu yenye maandishi ya dhahabu utayaona nchi nzima. Mengi ya zamani yaliandikwa kana kwamba historia ilianza Mzungu alipofika, na shirika la Parks Canada limekuwa likiyapitia upya. Ukiona bamba lenye maneno ya dharau, lipige picha, andika mahali lilipo na utume barua. Usilivunje wala kulipaka rangi. Kwa mwenye kibali cha ukaazi au aliyeomba hifadhi, kosa la jinai linaweza kuvuruga kesi yake ya uhamiaji.

Chama chako cha jamii au kanisa lako likiandaa hafla, taja mwanzoni mnakutana kwenye ardhi ya nani na chini ya mkataba gani. Kisha fanya zaidi ya kutaja: mwalike mzungumzaji wa jamii hiyo, umlipe kama mnavyomlipa mgeni mwingine wa heshima, na umpe muda wa kutosha.

Wengi wetu tumetoka nchi ambazo mipaka, majina ya miji na sanamu ziliamuliwa na watu wengine. Tunajua inavyouma kusomeshwa historia yetu na asiyetuuliza. Basi tusiwe wageni wanaopita mbele ya bamba bila kusoma. Tafuta eneo lililo karibu nawe, jua ni la taifa gani, uliza wenyewe wanataka likumbukwe vipi, kisha ushike neno lao hata kama lingekuwa tofauti na ulivyopenda wewe. Kiapo cha uraia kinatekelezwa kwa namna hiyo.